Hatua Arobaini na Moja za Babu Polepole

Kila asubuhi kabla ya chai, marehemu babu yetu alikuwa akikisukuma kiti cha magurudumu kitupu kutoka mlangoni hadi getini, halafu anakirudisha. Hatua arobaini na moja kwenda, arobaini na moja kurudi. Alikuwa anaijaribu njia kabla Bibi hajakaa. Palipogonga alirudi na jembe kusawazisha. Majirani walimtania, "Mzee Polepole, leo umempakia nani?" Naye anajibu, "Nimepakia hewa, nayo inataka heshima yake."

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, mtoto wa nne kati ya saba, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yake. Alisoma hadi darasa la sita. Baba yake alipokatwa mkono na msumeno, daftari likafungwa, yeye akaenda kubeba mbao. Hakulionea aibu jambo hilo. Alisema shule ilimfundisha kusoma majina ya watu, na hayo majina ndiyo yaliyomlisha.

Tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa hospitalini kusukuma wagonjwa, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane hadi alipostaafu Agosti 2013. Manesi ndio waliompa jina la Polepole, kwa sababu kila kizingiti alisimama kwanza, akakiinua kitanda kidogo, ndipo akavuka. Alikuwa akituambia, "Gurudumu halina huruma. Huruma ni ya anayesukuma."

Huko ndiko alikompata Bibi mwaka 1979, binti aliyevunjika kifundo cha mguu.

"Kaka, mbona unasukuma kama umebeba mayai?"

"Kwani dada, mayai hujui bei yake?"

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 miguu ya Bibi iliisha nguvu, na figo nazo zikachoka. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi lazima afike hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa mara moja anavimba uso. Akikosa mara mbili, daktari alisema tusimwulize. Njia yetu ni ya udongo, na mvua ikinyesha gari haliingii na kiti kinazama. Kwa hiyo Babu akaamua kutafuta fundi aitengeneze kabla ya masika.

Walikuja mafundi wawili. Wa kwanza alisema atamwaga kokoto, kazi ya siku moja. Babu akamketisha kwenye kiti cha Bibi, akamsukuma juu ya rundo la kokoto la jirani. Fundi akajing'ata ulimi. "Nimeelewa, mzee," akasema, akaenda zake. Wa pili alikuwa mkwe wake, baba wa mke wa mwanawe mkubwa, fundi wa vitofali vya pevingi. Babu akampa kazi. Hapo ndipo alipokosea, na alikiri mwenyewe. Fundi wa nje ukimkasirikia unamgombeza. Mkwe unamwamkia.

Mkwe alichimba njia yote Jumatatu tarehe 4 Machi mwaka huu wa 2024, hadi magotini, ili ashindilie mchanga kisha apange. Akaondoka na vijana wake kumalizia kazi nyingine. Hakurudi. Mvua ikaanza, na njia ikawa mfereji wa matope kutoka getini hadi mlangoni.

Babu alimpigia simu kila siku.

"Mkwe, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mkwe. Kesho mapema niko kwako."

"Haya mkwe, wasalimie."

Bibi alikuwa akiuliza kutoka kitandani, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini? Nimekusikia, umemsalimia tu."

"Mkwe hasukumwi, mama."

"Basi nitasukumwa mimi, kaburini."

Siku za kliniki alimbeba Bibi mgongoni, akikanyaga mbao alizotandika juu ya matope. Miaka sabini, na mtu mzima mgongoni. Bibi alimwambia sikioni, "Leo umebeba mayai kweli." Babu alikuwa anahesabu hatua. Akifika kwenye gari la kukodi getini, alishika kifua. Tukimwuliza anasema ni kiungulia. Sasa tunajua ulikuwa moyo, na aliuficha wiki sita.

Alhamisi tarehe 18 Aprili, hatua ya ishirini, ubao ulizama. Walianguka wote wawili. Dereva alipiga honi getini mpaka akachoka, akaondoka, na Bibi akakosa mashine. Babu alimwosha matope, akambadilisha nguo, akamlaza.

Siku hiyo hiyo, saa tano asubuhi, alifariki akiwa uani kwa mkwe wake, ameketi juu ya vitofali vyetu vilivyopangwa tayari. Mkwe amesema mwenyewe, na ameruhusu tuandike, kwamba Babu alimwamkia, akawaulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha akaomba maji. Mkwe aliporudi na kikombe, Babu alikuwa ameshaondoka. Neno alilolifuata hakulisema.

Ijumaa na jana mkwe amepanga vitofali vyote, na usiku hakulala. Leo gari la jeneza limefika hadi mlangoni bila kugonga mahali. Kesho ni Jumatatu, siku ya kliniki, na Bibi atapita hapo hapo.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, dada wawili, wakwe, na kiti cha magurudumu ambacho kila asubuhi kitahitaji mtu wa kukijaribu.

Bibi ameomba wasifu huu umalizie na jinsi Babu alivyotoka nyumbani Alhamisi hiyo. Alivaa koti lake la kazi la hospitali. Akakileta kiti karibu na kitanda, akafunga breki.

"Leo namwambia. Ukwe ukivunjika, uvunjike."

"Mwambie kwa adabu, baba."

"Adabu imezama na ule ubao."

Halafu akashuka kwenye matope, akashika njia bila haraka, miguu ikizama na kuchomoka. Bibi alihesabu kwa kusikia. Arobaini na moja. Geti likafunguka, likafungwa, na zile arobaini na moja za kurudi hazikusikika tena.

Apumzike, amebeba vya kutosha.