Vidonge vya Mama Dorca na Barua ya Mombasa

Waombolezaji, dawa ya mgonjwa ikiisha, ni nani kati yenu angemwandikia mtoto aliye Mombasa, ilhali mwingine anaishi Nyalenda, dakika ishirini kwa miguu kutoka kitandani pa mgonjwa?

Mama Dorca Anyango alizaliwa Pap Onditi mwaka wa 1924, akasoma hadi darasa la nne shule ya misheni, akaolewa na marehemu Mzee Amolo tarehe 8 Desemba 1944, akauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kibuye miaka thelathini na minane, wakajaliwa wana wawili, Tom, ambaye ni meneja bandarini Mombasa, na Dalmas, B.A. 1989, Second Upper, anayewasomea haya, ambaye mpaka leo anafunguliwa geti na kuambiwa no vacancy, hakuna kazi. Soko zima lilimwita Min Tom, mama wa Tom, kwa jina la mwana wa kwanza, ndiyo desturi, lakini let us be honest, jina hilo lilimchoma Dalmas kuliko njaa.

Mwaka wa 1991 Mama alipigwa na stroke, yaani kiharusi, Tom akaamua, kwa simu, apelekwe makao ya wazee ya kanisa hapa mjini, na kwenye kadi ya Mama, mahali pa mtu wa kuarifiwa, likaandikwa jina la Tom peke yake, kwa sababu huyu mwingine, walisema, is not employed, ingawa ndiye aliyekuja kila Jumapili kumkata kucha.

Jumatatu tarehe 3 Mei 1993 vidonge vyake vya presha viliisha stoo, nesi akaandika “haipo” kwenye daftari, kesho yake “haipo”, na badala ya kumuuliza daktari atumie dawa gani nyingine, matron akaposti barua Mombasa. Jumapili Mama alilia kichwa, Dalmas akauliza kuna nini, akajibiwa, “Tulia, Bwana, tumeshamwandikia mwenyewe,” na wivu ukampanda, akaondoka bila kuuliza wameandika nini, kumbe kwenye duka la dawa pale stendi vidonge hivyo vilikuwepo. Jumatano tarehe 12, saa tatu asubuhi, stroke ya pili ikamchukua, na barua ikafunguliwa huko Mombasa Ijumaa.

Tunamshukuru daktari, aliyekuja mbio alipoitwa hatimaye, majirani wa Nyalenda kwa kuni na sufuria, wenzake wa Kibuye waliofunga vibanda siku mbili, na Tom kwa jeneza, ambalo ni zuri, hakuna ubishi.

Mama, nind gi kwe, pumzika, kichwa hakitauma tena.

Na nyinyi kamati ya makao, mlioketi viti vya mbele, kabla udongo wa kwanza haujatupwa, mmoja wenu asimame, aseme ni nani aliyeandika “haipo” siku tisa bila kumwita daktari.