Alama Nyekundu kwenye Mti wa Fundi Gundi

Kijiwe chetu ni benchi moja na mti mmoja. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo nasikia yote yanayosemwa na nalazimika kuvumilia nusu yake. Chini ya mti hukaa Fundi Gundi, mshona viatu, mwaka wa kumi na nne sasa. Hana kibanda, paa lake ni matawi. Juzi walikuja watu wa manispaa, wakatazama majani yaliyogeuka njano, wakatikisa vichwa, wakaupiga mti alama nyekundu. Jumatatu wanaukata. Leo Ijumaa Fundi hajagusa sindano, na mimi roho inaniuma nikimtazama.

— Mti una kiu huo, — alianza Breki, dereva wa lori aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kusema.

— Kiu gani? Naumwagia ndoo mbili kila asubuhi, — Fundi alijibu.

— Basi umemaliza udongo. Mti si unakula udongo? Umekula weee, sasa umefika kwenye mwamba. Tazama mizizi ilivyotokeza.

— Acha hizo, Breki! — Huyo ni kinyozi, tunayemwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe. — Ungekuwa unakula udongo, hapa pangekuwa na shimo la kuegesha lori lako. Mti unakula hewa. Na hewa ya hapa imejaa gundi ya huyu bwana. Mti umelewa.

— Miaka kumi na minne, ndiyo unalewa leo? — Breki alidakia.

— Ulevi huja polepole. Muulize shemeji yako. Dawa ni kutoboa shina, tuutundikie dripu ya maji ya sukari.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Fundi hakucheka.

Hapo akafika mwalimu wa darasa la nne, mgeni mtaani, anachechemea na kisigino cha kiatu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, — Fundi alisema.

Alikaa, akawasikiliza wakirudia mambo yao ya udongo na dripu.

— Hewa unakula kweli, — alisema mwishowe, — na maji pia. Kutoka kwenye udongo unachukua kidogo tu, ila hicho kidogo lazima kiwepo. Naomba kuuliza, wazee wangu. Msituni hakuna anayetia mbolea. Hicho kidogo mbona hakimaliziki?

Breki aliinama kutazama mizizi. Daktari akaanza kupangusa koti lisilo na vumbi.

Fundi alikuwa anatazama magunia matatu kando ya barabara, yamefungwa kwa uzi wa viatu, yanasubiri gari la taka. Mtaa mzima unamjua kwa hilo: kila alfajiri, kabla sijawasha jiko, yeye ameshafagia majani yote ya mti, halibaki hata moja. Wapita njia humsifu, naye hufurahi.

— Msituni, — alisema taratibu, — hakuna anayefagia.

Tukageuka kuyatazama magunia yale ya majani.

— Ndiyo hivyo, baba, — mwalimu alisema. — Jani likianguka, wadudu na kuvu wanalitafuna, linaoza, linarudi udongoni. Mizizi inakivuta kile kidogo kile kile, linatoka jani jipya.

— Kumbe mimi ndiye niliyeunyima chakula. Kwa mikono yangu hii.

— Hata shuleni kwetu tunafagia, baba. Usijilaumu.

Lakini alijilaumu, ilionekana usoni. Aliburuta gunia la kwanza, akakata uzi, akamwaga majani yote shinani.

— Fundi, unatuchafulia kijiwe! — Breki aliruka.

— Mwalimu, — Fundi aliuliza, — yakioza haya, mti utapona kufikia Jumatatu?

— Hapana, baba. Hiyo ni kazi ya miezi, pengine miaka.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua gunia la pili.

— Sasa unahangaika nini, — Daktari aliuliza, — na Jumatatu wanaukata?

— Wakiukata nitawaomba wauache hapahapa, uoze, matawi na kila kitu. Mimi nitapanda mwingine. — Akamwaga. — Nyinyi mnadhani huo utakula nini?

Breki alinyoosha kikombe kwangu. Nikainamisha birika, halikutoa kitu; tangu asubuhi nilikuwa namimina tu bila kuongeza maji.