Moyo Haukuwa Wangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Naanza na upumbavu wangu mwenyewe, kabla mke wangu hajausimulia vizuri zaidi.

Binti yetu Neema, aliye Dodoma, alinitumia saa ya kupima hatua na mapigo ya moyo, vipimo vikimfikia yeye kwenye simu. Sasa mnanijua: safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani. Nikaona mtoto ataniumbua. Nikamvalisha saa mama yake, anayeanika dagaa ufukweni Katonga kutwa nzima.

Neema akafurahi. "Baba, siku hizi unatembea!"

"Tunajitahidi, mwanangu."

Mama Neema alikuwa akilalamikia uchovu. Mimi, daktari wa barazani, nikamwambia ni jua la Katonga. Hospitali tuliiogopa wote wawili.

Asubuhi moja Neema akapiga simu analia. "Baba, moyo wako unakwenda mbio hata ukikaa! Nenda hospitali!"

Nilikuwa nakunywa chai, mzima kabisa. Nikacheka. Mara nikakumbuka saa ameivaa nani. Ule haukuwa moyo wangu!

Ndugu zangu, nilidandia bodaboda kutoka kwetu Ujiji hadi Katonga, njia nzima naomba: Bwana, usimchukue kwa uongo wangu. Nikamkuta ameketi kando ya dagaa zake, jasho linamtiririka, maneno hayatoki. Nikamfikisha hospitalini, nikamwungamia Neema ukweli kwa simu, naye akamtumia daktari vile vipimo. Daktari akampima upya kwa mashine yake, akasema moyo unapiga bila mpangilio, na tungezidi kungoja tungempoteza.

Yuko hai! Anakunywa dawa, ila kazi ya juani amekatazwa kwanza. Zamani tukiulizwa tunaumwa nini tulijibu "mwili wote", tukapewa vidonge vya maumivu, tukarudi. Sasa Mama Neema anafungua simu, anamwonyesha daktari vipimo anavyotumiwa na Neema, anauliza, hata anabishana! Saa haiponyi, ndugu zangu. Anayeponya ni Bwana, na kwetu alipitia hospitali ileile tuliyoikimbia. Wewe unayeficha maumivu, mtumaini Bwana, kisha nenda ukapimwe. Na saa uvae mwenyewe.

Juzi nilimsimulia haya jirani yetu Bi Zaituni, nimekaa barazani, machozi yananitoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba Neema, uvivu wako Mungu ameshautumia. Sasa inuka ukaanike dagaa."