Mzee Polikarpo Albano Chilumba, Aliyeonyesha Mawe ya Mkongoni

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, huyu tunayemsindikiza leo Ijumaa, tarehe 11 Juni 1982, alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 huko Mwena, karibu na Ndanda, Wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Albano Chilumba na marehemu Bi Eufrazia.

Alisoma shule ya misheni Ndanda kuanzia mwaka 1929, akamaliza darasa la sita mwaka 1935. Mwalimu wake wa hesabu alimlalamikia Mzee Albano kwamba mtoto huyu hawezi kupita mahali bila kupahesabu hatua. Tabia hiyo haikumtoka mpaka uzee.

Mwaka 1941 alishuka Dar es Salaam kwa meli kutoka Lindi, akapata ukuli bandarini na chumba Kurasini. Huko ndiko alikomwona Sesilia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 27 Julai 1946. Mama Sesilia husimulia kwamba walipotoka kanisani, mbele ya watu wote, bwana harusi alimwinamia sikioni. Akadhani anaambiwa neno tamu. Kumbe aliambiwa, "Kutoka mlangoni hadi altareni ni hatua arobaini na moja."

Mwaka 1948 aliajiriwa na serikali kama mshika mnyororo wa wapima ardhi. Alitembea na mnyororo ule wa kupimia Pwani yote, na Uhuru ulimkuta kambini Rufiji. Familia ilikaa Mwananyamala, yeye akija na kuondoka. Mwaka 1952 kikosi chake kilipima mpaka wa Pori la Mkongoni, hapa nje ya Bunju, na ni yeye aliyemwaga zege la mawe ya mpaka, yale watu wanayoyaita bikoni.

Alistaafu mwaka 1969. Mwaka uliofuata alihamia Mkongoni, akagawiwa ekari tatu kando ya pori, akapanda mihogo na mikorosho. Hapo alipata rafiki, Mzee Mwinjuma Kondo, mzaliwa wa hapa hapa, anayeijua miti ya pori hili kama watoto wake. Wawili hao walizunguka humo wakiokota mbegu za mkongo, msandarusi na mpingo, wakaziotesha kwenye vifuu vya nazi, kisha wakazirudisha palipochomwa mkaa. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa.

Agosti 1975 kijiji chetu cha ujamaa kilitafuta mahali pa shamba la pamoja. Mwenyekiti, Ndugu Shomari, alitangaza mkutanoni kwamba pori la serikali linaanzia ng'ambo ya kijito, na huku kwetu kote kufyekwe Jumatatu. Watu wakapiga makofi. Mzee Polikarpo akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mpaka hauko kijitoni. Mawe yako upande huu. Nimeyajenga mimi."

"Basi kesho tuonyeshe, mzee. Tukiyaona, hatufyeki."

Asubuhi yake Mama Sesilia alimwekea uji, mwenyewe akabaki amesimama mbele yake.

"Baba Margareta, mstari ule unapita wapi?"

"Unapita mbele ya nyumba yetu."

"Na shamba?"

"Shamba lote liko ndani."

"Na bado unakwenda kuwaonyesha!"

Alimaliza uji wake, akachukua panga, akaenda.

Jiwe la kwanza lilikuwa ndani ya kichuguu, la pili chini ya mizizi ya mkongo. Kutoka hapo alitembea akihesabu kwa sauti, kamati yote ikimfuata, mpaka akafika nyuma ya mikorosho yake, akavuka uwanja wa nyumba yake, akasimama hatua chache mbele ya mlango. Akachimba mwenyewe. Jiwe la tatu likaonekana, na namba yake haijafutika.

Ndugu Shomari alitazama jiwe, akatazama nyumba. "Mzee, unaona ulichojifanyia? Wewe ndiye wa kwanza kuhama."

"Naona, Mwenyekiti."

"Miaka mitano umekaa hapa, hukujua?"

Jibu lake tunaliandika kama alivyolisema, kwa sababu alitaka lisifichwe: "Niliogopa kulitafuta, kwa kuwa nilijua nitalipata."

Aliomba msimu mmoja tu wa kuvuna korosho. Desemba ile familia ilihamia upande wa barabarani, ndiko pia shamba la kijiji lilikolimwa. Kwa wiki mbili Mama Sesilia alizungumza naye kwa kupitia watoto. Wiki ya tatu alimkuta kwenye shamba lao la zamani, peke yake juani, akichimba mashimo ya miche, mgongo umempinda. Akarudi nyumbani, akajaza ndoo ya maji, akajitwika, akampelekea. Hawakusemezana siku hiyo, lakini miche ilinyweshwa.

Ndivyo kikundi cha kurudisha miti porini kilivyoanza: wao wawili, Mzee Mwinjuma na binti yake Mwajabu. Mikorosho iliachwa kwanza iwe kivuli cha miche, ikapunguzwa kidogo kidogo. Moto ulipoingia porini Septemba 1978, Ndugu Shomari mwenyewe aliongoza kijiji kizima kuupiga kwa matawi mabichi, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena mpaka uko wapi. Leo kikundi kina watu ishirini na mmoja.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na kifua. Alilazwa Mwananyamala mara mbili, akahudumiwa vizuri, kisha akaomba arudi nyumbani. Kila Jumamosi Mwajabu alimletea habari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Misandarusi mingapi imeshika?"

"Kumi na saba."

"Tulipanda thelathini."

"Mingine imeliwa na mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa Mwenyekiti."

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekaa kitandani pembeni yake, akacheka pia. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Juni 1982, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, Mama Sesilia. Watoto wanne, Margareta, Gaspar, Leonardi na Fransis. Wajukuu kumi na mmoja. Na rafiki yake Mzee Mwinjuma, ambaye ameomba asiitwe kusema lolote leo.

Wanakikundi waliuliza kama kesho waahirishe kazi kwa heshima ya msiba. Mama Sesilia amejibu kwamba mvua zinaishia na miche iliyobaki haitangoja matanga. Atakayependa kwenda, majembe yako kwa Mwajabu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Polikarpo, umpumzishe salama.