Nusu Nyekundu

Niinulieni mto, wanangu, na mlango uacheni wazi, maana nataka mama yenu mdogo huko sebuleni asikie kila neno. Msiniambie nipumzike, huko niendako nitapumzika vya kutosha.

Kabati langu la vitabu mmeanza kuligombania nami bado napumua. Nimewasikia jikoni. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wa vitabu ni mchwa. Gawaneni mnavyotaka, ila kile kisicho na jina, chenye jalada la buluu, msikiguse kabla sijamaliza.

Babu yenu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Mteja mmoja alimletea hadithi mbichi kutoka kiwandani, karatasi zimekunjwa tu, kingo zimeshikana, ukitaka kusoma lazima upitishe kisu. Mteja hakurudi, na panya wakala karatasi ya jina. Mimi na mdogo wangu tuliigombania mpaka tukang'oana nywele, na baba, mtu wa hasira za karibu, akaigawa katikati, akashona nusu mbili, ya buluu na nyekundu. Mimi mkubwa nikapewa mwanzo. Yeye akapewa mwisho. Haki gani hiyo?

Nusu yangu naijua kwa ghibu: yule mjane mwenye nyumba ya wageni, yule mgeni asiyevua kofia, na mlango unaogongwa kwenye mstari wa mwisho. Nani kagonga? Kwa kumtafuta huyo mgongaji nilisoma kila kitabu kilichopita mbele yangu, nikawa mkutubi, nikawalea kwa mshahara wa ukutubi. Na mama yenu mdogo, kila harusi, kila msiba, ananinong'oneza: "Dada, si uniombe tu?" Nimwombe? Mimi? Wivu, jamani, ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sijamwonea mwanamke yeyote wivu kiasi hicho kwa baba yenu, na baba yenu alinipa sababu.

Jana kaja, kaniwekea nusu yake nyekundu kifuani. Nikapapasa kingo kwa kidole gumba, mimi binti wa fundi. Zimeshikana. Zote! Kisu hakijapita hata mara moja. Nikamwuliza, akalia: "Ningesomaje mwisho, dada, na mwanzo umeufungia kabatini? Nilingoja uniombe tusome wote." Kumbe na yeye alikuwa ananionea wivu, maisha yote, kwa nusu yangu!

Basi wosia wangu ndio huu. Zishoneni nusu hizo pamoja, kwa uzi, si kwa gundi tupu. Zisitenganishwe tena, si kwenu, si kwa wajukuu. Someni wawili, kwa sauti, na atakayemtangulia mwenzake hata ukurasa mmoja, radhi yangu hapati. Mkipatana, Mungu awaachie macho mazima mpaka uzeeni, na mtu wa kumsomea.

Mdogo wangu, njoo. Siyo kwenye kiti... hapa, kitandani. Mleteeni kisu, na kile cha buluu. Anza na mstari wangu wa mwisho, na wewe usikie mlango ukigongwa. Haya... sasa kata. Polepole, utachana.

Soma. Sauti juu kidogo... Na nikisinzia, mdogo wangu... funga hapohapo. Usisonge mbele bila mimi.