Siku ya Nane Mlikuwa Wapi?

Benchi la mbele ya kibanda cha bahati nasibu, nyuma ya soko la mji wa Dimona, lina miguu mitatu ya chuma na mmoja wa tofali, na mtaa mzima unaliita Bunge. Kikao huanza saa tatu asubuhi na huahirishwa chupa ya kahawa ikikauka. Jumatatu hiyo wajumbe walikuwa wanne. Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote ila aliwapikia madiwani kahawa miaka thelathini, na mpaka leo chupa ni yake. Dakika, dereva wa basi mstaafu, asiyekubali kusema saa nne kama anaweza kusema saa nne kasoro mbili. Daktari, aliyelinda geti la hospitali kule Beer Sheva miaka ishirini na saba, akastaafu na elimu yote iliyopita getini. Wa nne ni Makhluf, wanayemwita Chumvi kwa sababu ujana wake wote uliishia kiwandani kule Bahari ya Chumvi, na huyo ndiye aliyekuwa na jambo. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa Jumatano iliyopita. Keshokutwa ndiyo siku ya nane, siku ya tohara kwa dini yao, na Chumvi ndiye wa kumpakata mtoto mapajani wakati ngariba anafanya kazi yake. Heshima hiyo ameingoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

— Mbona umenuna hivyo? — Waziri alimuuliza huku akimmiminia. — Babu mtarajiwa anakaa kama kafiwa na punda.

— Ngariba kapita asubuhi — alisema Chumvi. — Kambonyeza mtoto puani kwa kidole, kaangalia, kaguna.

— Kaguna vipi?

— Mmh. Hivyo tu. Eti mtoto kawa manjano. Eti kesho atakuja kumwona tena. Na mimi nina wageni tisini Jumatano! Ndugu yangu Amram anatua kesho kutoka Marseille! Suti nimeshaichukua kwa fundi!

— Na mto je? — aliuliza Dakika bila kumtazama.

— Mto gani?

— Mkeo Zohara kamwambia mke wangu. Kakukuta sebuleni umekaa wima, umepakata mto wa kochi, unauimbia.

Bunge likaangua kicheko. Chumvi alitazama kahawa yake. Ni kweli alifanya mazoezi, siku tatu mfululizo, na mto ule alikuwa ameanza kuuzoea.

— Chekeni tu. Mimi nataka dawa ya manjano, na nataka kabla ya Jumatano.

— Saa ngapi Jumatano?

— Saa tano.

— Basi una saa arobaini na tisa na dakika ishirini — alisema Dakika. — Zinatosha. Mweke mtoto dirishani, jua limpige. Mimi basi langu lilikuwa la njano, likakaa juani miaka sita, likawa jeupe kabisa.

— Wewe unamfananisha mjukuu wa mtu na basi?

— Rangi ni rangi, bwana. Na usizembee. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

— Hiyo methali umeichomekea pasipo pake — alisema Waziri. — Na nyote mnakosea. Mtoto si wa manjano. Nisikilizeni vizuri, maana haya niliyasikia kwa masikio yangu wakati napeleka sinia. Mwaka ule walipojenga bwawa la watoto, rangi ilibaki mapipa kumi na moja. Njano! Mapipa yakapelekwa wapi?

— Wapi?

— Kliniki ya mama na mtoto! Kuta zote, mpaka dari. Ukimwingiza mtoto mle, hata awe mweupe kama jibini, anatoka manjano. Huo ni mwanga wa ukuta tu. Mtoeni mle mtoto, mtaona.

— Ngariba kamwonea nyumbani — alisema Chumvi.

Waziri alifikiri kidogo, akanywa funda moja.

— Pazia zenu rangi gani?

Hapo Daktari akakohoa. Daktari akikohoa wenzake hunyamaza, kwa sababu anakohoa kama wale wakubwa aliowafungulia geti.

— Manjano hayatolewi kwa pazia. Yanavutwa. Marehemu nyanya yangu alikuwa anatumia njiwa. Unamshika njiwa, unamkalisha juu ya kitovu cha mgonjwa. Yeye anayanyonya manjano yote, mpaka tone la mwisho.

— Halafu?

— Halafu njiwa anakufa, mgonjwa anapona.

— Na hospitali walikuwa wanafanya hivyo? — aliuliza Chumvi, na kwa kweli alitaka kusikia ndiyo.

— Hospitali hawawezi kukwambia. Lakini mbona juu ya paa la wodi ya wazazi pamejaa njiwa? Umewahi kujiuliza? Miaka ishirini na saba niliwaona. Wanaingia wanatoka. Nani anawalipa?

Bunge likapigwa na butwaa. Hata Chumvi, ambaye asubuhi tu alimcheka mama mmoja sokoni aliyemshauri ampake mtoto maji ya karoti, alianza kuiona ile picha: njiwa juu, mtoto chini, na Jumatano ikiwa pale pale.

— Mimi njiwa ninao — alisema Dakika. — Darini. Nipe dakika nne.

Alirudi baada ya dakika tatu na nusu, kakumbatia boksi la viatu lililotobolewa matundu, na ndani yake kitu kinakoroma. Unyoya mmoja ulimrukia Chumvi begani. Boksi likawekwa katikati ya benchi, mahali pa heshima, wakalizunguka.

— Samaki mkunje angali mbichi — alisema Waziri, akitikisa kichwa kwa busara.

— Sasa samaki wa nini tena?

— Nasema tu. Tohara ikicheleweshwa mtoto anapata akili, anaanza kuuliza maswali.

— Na mama yake nitamwambia nini? — Chumvi alinong'ona. — Orli ni msichana wa kibbutz, wale wa vijiji vya ushirika, kasoma. Hawezi kukubali njiwa.

— Asijue! Unambeba mtoto umpunge upepo, unapita hapa, dakika kumi, unamrudisha. Mke haambiwi kila kitu, na mke wa mwanao ndiyo kabisa.

— Nisiambiwe nini, wazee wangu?

Orli alikuwa amesimama nyuma yao na kigari cha mtoto. Siku sita tangu ajifungue, uso umemwiva kwa kukosa usingizi, fulana kaivaa ndani nje. Hakuna mwanamke aliyewahi kusimama pale zaidi ya kumwita mtu akale. Wote wanne waliinuka kwa pamoja, na benchi likayumba kwenye tofali lake.

— Hongera, mwanangu! Karibu! — Waziri alikuwa wa kwanza kupata ulimi. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Asante, baba. Ni nini hicho kinacholia kwenye boksi?

— Viatu — alisema Dakika.

Boksi likakoroma. Orli alilitazama, akamtazama mkwewe, akaamua kuliacha hivyo.

— Baba, natoka kliniki. Wamempima damu tena. Manjano yanashuka, anaendelea vizuri, anyonye tu. Lakini nimempigia ngariba nikamsomea majibu, naye kasema Jumatano haiwezekani. Hamgusi mtoto mpaka rangi iishe kabisa. Kasema sheria ya dini yenyewe ndivyo isemavyo: uhai kwanza, siku ya nane itangoja.

Chumvi alihisi kama mtu aliyevutiwa kiti. Wageni tisini. Amram na tiketi yake. Suti. Alifungua mdomo kulalamika, lakini Orli alikuwa hajamaliza.

— Nyinyi mtanichukia, lakini mimi nimemshukuru Mungu kwa hayo manjano. Yameniongezea siku. Kwa sababu naogopa, baba. Sikatai. Mtoto atatahiriwa kama baba yake na wewe. Ila kuna jambo silijui, na ngariba aliponiuliza kama nina swali, niliona haya, nikasema sina.

— Uliza! — alisema Daktari, akajiweka sawa. — Umefika penyewe.

— Ndivyo alivyosema mama Zohara. Nilianza kwake. Akanitazama, akacheka, akasema: nenda kaulize pale Bungeni, hakuna wasilolijua. Na Makhluf kalea wavulana wanne.

Chumvi alijisikia vizuri sekunde mbili hivi.

— Kasema ngariba kwamba doa la damu kwenye nepi ni la kawaida. Sawa. Sasa tuseme wageni wameshaondoka, nimebaki na mtoto, nimefungua nepi, nimeliona doa. Doa la kawaida ni kubwa kiasi gani?

Ndani ya boksi hata njiwa aliacha kukoroma.

— Doa — alisema Daktari — linategemea. Kuna doa... na kuna doa.

— Kiasi gani?

— Dakika hapa ana watoto sita — alisema Daktari haraka.

— Mimi? Mimi siku ya wa kwanza nilikuwa kwenye basi la saa sita na dakika kumi. Wa pili vilevile. Basi halingoji.

— Waziri?

— Mimi nilikuwa nawasindikiza wageni kwenye magari. Mgeni asiposindikizwa ataongea. — Waziri alikuna shingo. — Kusindikiza kulichukua mpaka jioni.

— Na wewe, mzee wangu?

Daktari alitazama barabara nzima, juu na chini, akakuta haina msaada.

— Mimi nilizimia. Walinilaza chumba cha pili na ndimu puani. Mara zote mbili. Mkiwaambia watu nitakana.

Siku nyingine Bunge lingekaa juu ya habari hiyo mpaka Pasaka. Hakuna aliyecheka. Orli aliwatazama mmoja mmoja, si kwa hasira, kwa mshangao tu wa mtu aliyepanga foleni kwenye dirisha lisilo na karani.

— Kwani siku hiyo ya nane nyote mlikuwa wapi? — aliuliza. — Mama yangu angekuwa hai ningemuuliza yeye. Nilidhani nyinyi...

Akaanza kukitikisa kigari, ingawa mtoto hakuwa akilia.

Chumvi alijua alikokuwa. Alikuwa uani, anasimamia sufuria. Wavulana wanne, sufuria nne, na hata moja haikuungua, na mpaka leo alijisifia hilo. Alikumbuka alivyoingia ndani jioni ile ya tohara ya Nissim, baba yake huyu mtoto, akamkuta Zohara kakaa kando ya kitanda kidogo, taa imewashwa ilhali jua lilikuwa bado halijazama, sahani yake ya kuskus haijaguswa. Hakumuuliza kitu kuhusu mtoto. Aliuliza kama nyama imebaki. Aibu ilimpanda taratibu, ya miaka thelathini na nane, na ilikuwa bado ya moto.

— Aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi — alisema Waziri polepole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi methali ikawa mahali pake.

Alikamata chupa, akaiinamisha. Likatoka tone moja na machicha.

Chumvi aliinuka, akafunua boksi. Njiwa alitoa kichwa, akamkagua kila mjumbe, akaruka zake kurudi kwenye dari la Dakika.

— Lete kigari — alimwambia Orli. — Nitasukuma mimi. Twende.

Kutoka Bungeni mpaka nyumbani kwake ni hatua sitini. Zohara alikuwa mezani jikoni anachambua dengu, na hakuinua macho mlango ulipofunguliwa.

— Zohara — alisema Chumvi. — Doa la kawaida ni kubwa kiasi gani?

Mikono ya Zohara ikasimama. Alimtazama mumewe, kisha Orli nyuma yake, kisha mumewe tena.

— Hatua sitini — alisema. — Miaka thelathini na nane.

Alisogeza dengu, akachukua nepi safi kwenye begi la mtoto, akaitandaza mezani. Kisha akachomoa sarafu ya shekeli kutoka mfuko wa aproni, akaiweka katikati.

— Tazama, mwanangu. Doa likiwa kama hii sarafu, kunywa chai yako, mpake mafuta yake, umfunge upya. Likizidi ile sarafu kubwa ya shekeli tano, mpigie ngariba simu, na namba yake iwe ukutani kabla hajaondoka, si baadaye. Damu ikiwa inachuruzika bila kukoma, unabana na kitambaa safi na unakwenda hospitali, hata kama watu tisini wana vijiko mdomoni. Asipokojoa mpaka jioni, hospitali vilevile. Na siku ya pili ukiona utando wa manjano pale kwenye kidonda, usilie kama nilivyolia mimi. Huo si usaha. Anapona.

Orli alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, machozi yanamtoka na anacheka.

— Nionyesheni na mimi hilo la kufunga — alisema Chumvi. Alisogea mezani, unyoya bado umemkalia begani, akanyoosha mkono kwenye nepi.

Zohara akamgonga vidole.

— Kanawe mikono kwanza.