Bi Milimita, Aliyejumlisha Mvua ya Siku Kumi na Tano

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bi Milimita, alizaliwa tarehe 4 Novemba 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma hadi kidato cha nne, 1970, akiongoza kwa hesabu na kwa kubishana na walimu.

Januari 1972 aliajiriwa kituo cha hali ya hewa. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma kipimamvua, akaandika, akamwaga maji, chombo kikaanza upya. Alifanya hivyo miaka ishirini na tano, mpaka siku moja akaruka kitini: "Jamani, sisi tunamwaga, mlima haumwagi!" Akafukua madaftari ya vituo kumi na vitatu vya mkoa mzima. Kila ardhi ilipoporomoka, mvua ya siku yenyewe mara nyingi ilikuwa kidogo tu. Ila ukijumlisha siku kumi na tano za nyuma, udongo ulikuwa umeshashiba. Furaha ile! Alipiga simu vituo vyote, hata ambavyo havikumtaka.

Aliolewa tarehe 12 Agosti 1978 na fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu. Mumewe alizoea kusema, "Huyu ukimjulia hali, anakujibu kwa milimita."

Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 1998 kipimo kilionyesha milimita tisa. Alipotaka kwenda kuwaonya watu, mkuu wa kituo akamwambia, "Mama, hayo ni manyunyu. Ukitoka hapo mlangoni, usirudi." Lakini jumla ya siku kumi na tano ilikuwa milimita mia nne na kumi na mbili. Akatoka. Alipanda mtaa wa juu, ulio ubavuni mwa mlima, akagonga mlango kwa mlango, wakamcheka. Wifi yake, aliyekuwa akifua, akagoma kabisa: "Wifi, niache, nguo zangu bado mbichi!" Basi akamnyang'anya beseni zima, akateremka nalo mbio. Wifi akamfukuza akifoka, na mtaa wote ukawafuata kutazama ugomvi. Walikuwa bado wanagombana uwanjani chini mlima ulipoporomoka. Nyumba thelathini na nane zilifukiwa, na ndani hapakuwa na mtu hata mmoja! Wiki iliyofuata alirudishwa kazini, na vituo vyote vikaanza kujumlisha.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa tarehe 2 Machi 2024, akafariki tarehe 9, saa nne asubuhi, wanawe wakiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wifi yake. Familia imeomba waandikwe pia watu mia mbili na sita wa mtaa wa juu, pamoja na watoto waliowazaa baada ya siku ile. Wa mtaa huo mliopo hapa, tafadhali simameni mmuage.

Apumzike salama.